Kufuli ya Gari Iwekwe Kiwandani, Si Baada ya Wizi

Mazungumzo kwa wamiliki wa magari, madereva na mafundi wa Kaunti ya Garissa



Zamani mwizi wa gari alihitaji ufunguo bandia na giza la usiku. Gari la kisasa lina kompyuta nyingi ndogo: ya injini, ya breki, ya usukani, hata ya redio. Kompyuta hizo huwasiliana zenyewe kwa zenyewe, na baadhi zimeunganishwa na mtandao wa simu. Pale mtandao unapofika, mdukuzi naye anaweza kufika.

Julai 2015 nchini Marekani, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye gari aina ya Jeep Cherokee wakiwa nyumbani, huku gari likiwa barabara kuu. Walipitia mfumo wa redio, wakalipunguza mwendo hadi likatambaa katikati ya magari mengine. Dereva, mwandishi wa habari aliyekubali jaribio hilo, alikanyaga mafuta bure. Kampuni ililazimika kuita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kosa halikuwa la dereva. Redio ilikuwa imeunganishwa na mtandao bila kizuizi imara kati yake na mitambo ya kuendeshea gari.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya Marekani, Garissa kuna Probox na Land Cruiser za zamani. Lakini gari la zamani nalo hufungwa traka. Wakopeshaji huidai kabla ya kutoa mkopo, na wenye malori huitaka ili wajue mzigo umefika wapi. Ndani ya traka kuna laini ya simu, na nyingi zinaweza kuzima gari kutoka mbali. Ni kifaa chenye manufaa, mradi amri itoke kwa mwenye gari.

Julai 2022, kampuni ya utafiti ya BitSight ilitangaza kasoro sita katika traka ya MiCODUS MV720. Nenosiri la kuanzia lilikuwa 123456, na wengi hawakulibadilisha. Kasoro hizo zingemwezesha mtu baki kujua gari liko wapi na kulikatia mafuta. Traka za kampuni hiyo zilikuwa zikitumika kwenye magari yapatayo milioni 1.5 katika nchi 169.

Fikiria jambo hilo kwenye barabara ya Modogashe au ya Dadaab, ambako mtandao hupatikana hapa na kupotea pale. Amri ya kuzima ikiingia mahali penye mtandao, gari laweza kusimama mahali ambapo amri ya kuwasha haifiki. Ndani mna mama mjamzito, au mbuzi wa soko kwenye jua kali. Na anayejua gari liko wapi anajua pia kama mwenyewe yuko nyumbani.

Ndiyo maana usalama unapaswa kuanza mhandisi anapochora mfumo, si baada ya gari kuuzwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 inamtaka mtengenezaji athibitishe kwamba alipima hatari za udukuzi tangu kubuni gari, na kwamba ataendelea kuzishughulikia likiwa barabarani. Ulaya ilianza kuitumia kwa modeli mpya Julai 2022, na kwa magari yote mapya Julai 2024. Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, hivyo magari yaliyoundwa kabla ya kanuni hiyo yataendelea kuwasili kwa muda.

Hata hivyo, mwananchi hajaachwa bila kinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu ajenge ulinzi ndani ya mfumo wake tangu mwanzo. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtoza anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kabla ya kulipia traka, muuzaji ajibu maswali manne. Je, nenosiri linabadilishwa siku ya kufunga? Nani mwingine anaweza kuzima gari? Je, kifaa kinakataa kuzima injini gari likiwa mwendoni? Kasoro ikigunduliwa, nani ataleta marekebisho, na kwa muda gani? Asiyeweza kujibu asipewe gari.

Kwa mafundi na wanafunzi: kazi ya kukagua programu za magari inakuja. Anayejua nyaya leo ajifunze na kinachopita ndani yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.