Takataka Hazina Kwao
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu juu ya umoja wa watu wa mtaa



Tumeombwa tuseme juu ya umoja wa watu wa mtaa katika kutunza maji, njia na nyumba zao. Hatukuja kuwafundisha mnayoyajua, maana hapana mtu hapa asiyejua kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Twataka kuwaeleza habari za mitaa michache ya Dar es Salaam, ili tupate kujua umoja huo waweza kufika wapi, na hukwama wapi.

Habari ya kwanza ni ya Tabata. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikitupa huko takataka za mji, karibu na nyumba za watu. Moshi, uvundo na nzi viliwasumbua wakazi usiku na mchana. Basi mwaka 1988 waliungana wakaishtaki Halmashauri. Mahakama Kuu ikaamuru takataka zisitupwe tena pale, na patafutwe mahali pasipodhuru watu. Halmashauri ikaomba muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Bwana Jaji Lugakingira akakataa. Alisema kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mahali na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha kifungu cha 14 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuishi.

Hapana shaka watu wa Tabata walifurahi, na furaha hiyo ilikuwa haki yao. Lakini mji haukuacha kula siku ile, wala maganda na majivu hayakukoma. Je, magari ya takataka yalikwenda wapi? Yalikwenda Kunduchi Mtongani, upande wa Kinondoni, mahali ambapo nako watu walikuwa wakikaa. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, wakaenda mahakamani mwaka uo huo 1991, nao wakashinda. Kisha ikawa zamu ya Vingunguti, na baadaye Pugu Kinyamwezi.

Ndugu zetu, hatuwalaumu watu wa Tabata hata kidogo. Nani atakaa kimya huku mtoto wake akikohoa? Tena wao ndio waliowaonyesha wa Kunduchi njia ya kwenda mahakamani. Lakini tukiyatazama mambo haya kwa pamoja, twaona kwamba takataka hazina kwao. Ukizifukuza mlangoni pako bila kuuliza ziendako, zitabisha hodi kwa jirani.

Maji ya mvua nayo ni vivyo hivyo. Karibu na bonde la Msimbazi, katika Kinondoni, uko mtaa wa Hanna Nassif. Watu walijenga huko bila ramani, na kila masika maji yaliingia nyumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi walifanya chama chao cha maendeleo. Wakasaidiwa na Halmashauri ya Jiji, Shirika la Kazi la Kimataifa na wafadhili wengine. Lakini mikataba ya kazi ilishikwa na chama chenyewe, na waliochimba na kujenga mifereji walikuwa watu wa mtaa, wanaume kwa wanawake, nao wakalipwa ujira wao. Faida yake ni kwamba mtu aliyeujenga mfereji kwa mikono yake anajua maji yatokako na yaendako. Humwona kwa uchungu yule anayetupa ndani yake taka za jikoni, maana mfereji ulioziba humrudishia maji yeye na jirani yake wa bondeni. Nao wa bondeni hawana pa kukimbilia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam, na wengi waliokaa mabondeni walihamishiwa Mabwepande.

Basi twawaomba mambo matatu, na haya tumeyajua katika kazi yetu ya ukarani. La kwanza, kila mkutano uandikwe: tarehe, majina ya waliohudhuria, na neno lililokatwa. Malalamiko ya barazani hupeperuka na upepo, bali barua yenye tarehe, ambayo nakala yake imetunzwa, yaweza kusimama mbele ya Jaji. La pili, fedha zisipokewe bila stakabadhi, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Maana vyama vingi havikuuawa na adui, viliuawa na sanduku lisilo na hesabu. La tatu, ndilo kubwa. Kabla hamjapeleka barua ya kuomba taka ziondolewe au maji yageuzwe, tumeni watu wawili kwa mtaa wa pili. Waulize: Je, yakija kwenu, itakuwaje? Wakubalianapo, barua na iwe moja, yenye sahihi za mitaa miwili.

Kazi hii ni ndefu kuliko kufukuza tu. Lakini mtaa uliopona kwa kumwuguza jirani haujapona bado. Unangoja zamu yake kurudi.