Mlango Ndani ya Mlango: Katheta, Valvu na Karatasi ya Upasuaji wa Kwanza



Miaka kadhaa iliyopita alikuja kliniki kwetu mwanamke wa miaka 27 anayehema hata akiwa ameketi. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa nje ya nchi, kama walivyopelekwa wengi wakati ule, akafunguliwa kifua. Valvu yake ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikarabatiwa na kushonewa pete. Sasa ilikuwa imebana, tena inavuja. Nikauliza: pete ya aina gani, kipimo gani? Mama yake akafungua mfuko wa nailoni, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilisema valvu imekarabatiwa na mgonjwa anaendelea vizuri. Basi.

Karatasi ile ndiyo iliyonileta mbele yenu jioni hii.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, hatibiwi, kisha kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi; ikirudi mara kwa mara, valvu hukakamaa na mapindo yake kugandana. Daktari mpasuaji anaweza kuikarabati au kuibadilisha. Valvu ya chuma hudumu, lakini humfunga mgonjwa kwa warfarini na vipimo vya damu maisha yake yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valvu ya nyama ya mnyama humwacha msichana azae bila kifungo hicho, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa mapema. Ukarabati kwa pete, ambao Alain Carpentier aliuendeleza huko Paris tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, huhifadhi valvu ya asili. Lakini baridi yabisi ikiendelea kuila valvu hiyo, pete haiwezi kuizuia.

Kwa hiyo wengi hurudi. Na zamani kurudi kulikuwa na maana moja tu: kukatwa tena mfupa uleule wa kifua, moyo ukiwa umegandamana na kovu la kwanza.

Kisha njia nyingine ikafunguka. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen nchini Ufaransa, Alain Cribier aliingiza valvu ya aorta kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, kwa mgonjwa wa miaka 57 ambaye madaktari wapasuaji walikuwa wamemkataa. Hakupitia kwenye ateri. Alipitia mshipa wa vena wa paja, akafika chumba cha juu cha kulia, akatoboa ukuta wa katikati na kuingia upande wa kushoto. Mgonjwa yule aliishi takriban miezi 4 tu. Lakini njia hiyohiyo ya paja na tundu la ukutani ndiyo tunayoifuata leo kuifikia mitrali iliyochakaa.

Valvu mpya hushonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, ndani ya fremu ya kobalti na kromiamu, kisha hubanwa juu ya puto. Ikifika mahali pake, moyo huharakishwa kwa umeme hadi mapigo 180 kwa dakika au zaidi, ili kwa sekunde chache usiweze kusukuma damu na kuitupa valvu. Puto linajazwa, fremu inatanuka, puto linatolewa. Mara nyingi mgonjwa anaamka akiwa na kidonda kidogo kwenye kinena.

Valvu hiyo inashikiliwa na nini pale? Inashikiliwa na kazi ya yule aliyetangulia. Fremu ya valvu ya kwanza ni duara gumu, na ya pili hukaa ndani yake kama bilauri ndani ya bilauri. Pete ya ukarabati ni jambo jingine. Nyingi zina umbo la herufi D, na fremu ya duara ikiingia humo huacha pembe zinazovuja. Nyingine hazikufungwa kabisa. Ni ukanda wenye mdomo wazi. Vilevile pindo la valvu ya asili likisukumwa mbele linaweza kuziba njia ya damu inayotoka kwenda aorta. Katika rejesta ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2019, kati ya waliowekewa valvu ndani ya valvu, asilimia 14.0 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliowekewa valvu ndani ya pete, asilimia 30.6. Wengi wao walikuwa wazee wenye maradhi mengine, kwa hiyo sizichukui namba hizi na kuzibandika kwa mabinti zetu. Lakini tofauti ile ina sababu, na sababu imo ndani ya pete.

Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Anayempasua mtoto wa miaka 14 anamfanyia pia uamuzi daktari atakayekutana naye akiwa na miaka 30. Bado nasema tukarabati inapowezekana. Lakini tuchague pete tukijua kwamba siku moja valvu nyingine itapita humo, na tuandike. Namba iliyochapwa kwenye valvu si upana wake wa ndani. Mara nyingi upana halisi ni pungufu kwa milimita 2 au zaidi. Bila jina la mtengenezaji na namba hiyo, tunabaki kukisia kwa picha za CT. Waislamu wengi huuliza kama valvu ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Wana haki ya kujua, na kadi ya valvu iliyojazwa vizuri huwajibu.

Najua mtaniuliza kuhusu kuuzuia ugonjwa wenyewe. Huko Uganda, utafiti wa watoto na vijana 818 wenye ugonjwa huu wa moyo katika hatua ya awali, kabla ya dalili kujitokeza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kwa waliochomwa penisilini kila mwezi ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, dhidi ya asilimia 8.2 kwa wasiochomwa. Sindano hiyo ni rahisi kuliko chochote nilichokieleza leo, na ningependa katheta yangu ikose kazi. Lakini waliokwisha kushonwa wapo, nao wanazeeka pamoja na pete zao.

Yule mwanamke tulimweka chini ya mashine ya eksirei. Pete ilikuwa na mdomo wazi. Katheta haikufaa, akafunguliwa kifua mara ya pili, kwa saa nyingi na kwa damu nyingi. Alitaka kuzaa, kwa hivyo akawekewa valvu ya nyama ya ng'ombe, kubwa kadiri moyo wake ulivyoruhusu: milimita 29. Siku ya kuruhusiwa nilimkabidhi kadi yenye jina la valvu, namba yake, upana wake wa ndani na tarehe. Aliporudi kliniki mwezi uliofuata, alikuwa ameipeleka stesheneri ikafunikwa plastiki, na nakala yake ilikuwa kwenye mfuko wa mama.