Asiyekubali Kushindwa si Mshindani
Hotuba kwa wazazi, walimu wa michezo na vijana wa mpira wa kikapu, Bwizibwera



Tumevaa sare, lakini leo hatukuja kuzungumza juu ya wezi. Tumekuja kuzungumza juu ya kushindwa.

Siku chache zilizopita tulikaa ukingoni mwa uwanja mmoja wa udongo, tukaitazama timu ya vijana wa makazi ya Nakivale ikipambana na timu iliyokomaa kuliko wao. Katika timu hiyo wamo watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kinyarwanda na wa Kisomali, na lugha wanayoitania pasi ni Kiswahili hiki tunachokisema. Robo ya kwanza ilipokwisha, walikuwa nyuma kwa pointi 18. Katika robo ya tatu sauti moja ilitoka kwa mashabiki: "Rudini kwenu!" Kijana mmoja aliutupa mpira chini, akamwendea aliyesema. Mwalimu wake alimshika mkono kabla sisi hatujainuka.

Hatutaficha: jioni ile baadhi yetu tulipendekeza mechi za namna ile zisimamishwe. Tulidhani kuwatenganisha vijana ndiko kuleta amani. Kesho yake mwalimu yule alitufuata, akasema: "Afande, mkiufunga uwanja, hasira yao itahamia barabarani. Niachieni vijana wacheze. Ninyi nisaidieni kuyazuia matusi." Tuliona kwamba amesema kweli. Yule aliyetukana tulizungumza naye mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akaomba radhi. Timu ikarudi mazoezini.

Ndugu zetu, timu inayocheza na wanyonge peke yao haijui udhaifu wake. Mpinzani mgumu ndiye anayekuonyesha kwamba hujui kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, kwamba pasi yako inachelewa, kwamba pumzi inakuishia kabla ya robo ya nne.

Tazameni jirani zetu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011. Shirikisho lao la mpira wa kikapu limeongozwa na Luol Deng, ambaye utotoni alikuwa mkimbizi nchini Misri, akakulia Uingereza, kisha akacheza miaka mingi katika ligi kuu ya Marekani. Mwezi Agosti 2023, katika Kombe la Dunia nchini Ufilipino, Puerto Rico iliwafunga 101 kwa 96 baada ya muda wa nyongeza. Hawakutafuta wapinzani rahisi. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, walicheza na Marekani mchezo wa kujipima nguvu, wakafungwa 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika Michezo ya Olimpiki nchini Ufaransa, walikutana tena na Puerto Rico ileile, wakaishinda 90 kwa 79.

Lakini mchuano mgumu haulei timu wenyewe tu. Watu wazima ndio walezi. Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, walimu, mchagueni mpinzani aliyewazidi kwa hatua, asiwe wa kuwavunja moyo vijana kila juma. Wapeni lengo dogo linalopimika: leo tupoteze mipira michache kuliko juzi.

Pili, msiwaingize watu wazima kwa kudanganya umri ili mpate ushindi. Kombe la namna hiyo linamnyang'anya mtoto nafasi yake ya kujifunza, na linamfundisha kughushi karatasi. Kesho ataghushi nyingine, na hapo tutakutana naye kwa njia tusiyoipenda.

Tatu, wafundisheni kuizuia hasira. Katika mchezo huu, mchezaji mwenye makosa matano hutolewa nje, na timu ikifikisha kosa la tano katika robo moja, wapinzani hupewa mitupo huru. Hasira ya mmoja hulipwa na wote. Nanyi mashabiki, shangilieni kwa nguvu zenu zote, lakini asili ya mtoto wa mtu isiwe silaha yenu.

Nne, safari. Kutoka Nakivale, wilayani Isingiro, kupitia Mbarara mpaka hapa si mwendo mfupi. Andikeni orodha ya wachezaji, mzazi atie sahihi, na ruhusa ya kusafiri ipatikane mapema katika ofisi ya makazi. Wasichana wafuatane na mama au dada anayeaminika. Msiwapakie watoto watatu kwenye bodaboda moja, wala msirudi usiku. Tuarifuni siku ya mechi. Likitokea la kuhatarisha, pigeni 999. Mtoto akidhulumiwa, hata na mwalimu wake, pigeni 116 bila malipo.

Timu ile ilicheza tena na wapinzani walewale. Ilishindwa kwa pointi saba. Kijana aliyeutupa mpira chini alikuwa wa kwanza kuwapa mkono washindi, kisha akamuuliza mwalimu wake, "Tunarudiana nao lini?"

Wazazi wetu, swali hilo ndilo tunalotaka kulisikia nyumbani kwenu. Mtoto akirudi ameshindwa, msimcheke, wala msimtafutie mchawi. Mpeni maji ya kuoga, mpeni chakula, kisha mwulizeni amejifunza nini.