Mchanga wa Isiolo ni maji

Msikilizaji, mchanga si mali ya fuo za Diani na Malindi pekee. Hapa Isiolo, mchanga wa mito ya msimu ndio ghala letu la maji. Mvua ikikatika, wafugaji huchimba visima humo wakanywesha mifugo, na ndovu wa mto Ewaso Nyiro nao huufukua kwa miguu na mkonga. Malori yakiuzoa bila mpango, maji yanazama mbali, kingo zinaporomoka, malisho yanachukuliwa na mafuriko. Kaunti ya Makueni, huko Ukambani, ilitunga sheria ya uchimbaji wa mchanga mwaka 2015. Huko pia hujengwa mabwawa ya mchanga, kuta fupi zinazonasa mchanga mpya kila mto unapofurika. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Isiolo, tengeni sehemu za kuchimba na zile zisizoguswa kabisa.