Usimlipe Mtu Akutafutie Chuo: Maneno kwa Vijana wa Nyeri, Karatina na Nanyuki



Leo siongei kuhusu ndoto. Ndoto mnazo, tena nyingi. Nataka tuongee kuhusu makaratasi, manake huko ndiko watu wetu wanakokwama.

Hebu tuanzie hapa nyumbani. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, si mbali na hapa, mwaka 1940. Mwaka 1960 akapanda ndege kwenda chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas. Alikuwa mmoja wa mamia ya vijana waliopelekwa Marekani na ule mpango wa Tom Mboya, ambao ndege yake ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81. Swali langu ni moja tu: habari ilimfikiaje? Intaneti haikuwepo. Alikuwa amesoma shule za wamisionari wa Kikatoliki, Mathari hapa Nyeri kisha Limuru, na kanisa ndilo lililopendekeza wanafunzi wake. Akili alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini pia kulikuwa na mtu mzima aliyejua mlango uko wapi na akataja jina lake.

Sasa niambie wewe wa Majengo, hapa Nyeri au kule Nanyuki: nani anataja jina lako?

Kuna watu wameifanya kazi hii vizuri, tuwaige. Mwaka 2004 mwandishi wa Kimarekani John Manners na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyepata medali ya shaba Olimpiki ya 1972, walianzisha mpango uitwao KenSAP kule Bonde la Ufa. Walichukua vijana waliofanya vizuri KCSE, wengi wa familia maskini, wakawaweka kambini Iten na kuwafundisha namna ya kuomba vyuo vya Marekani. Hata mbio za mita 1,500 waliwapima nazo, huenda chuo kikamtaka mtu kwa miguu yake pia! (Ni Iten, ungetarajia nini?) Vijana wamefika hadi Harvard. Naye Susan Mboya, binti wa Tom, alianzisha Zawadi Africa mwaka 2002 kwa ajili ya wasichana. Hakuna uchawi hapo. Mtu anayejua njia anakaa na asiyeijua, wiki baada ya wiki, mpaka fomu iishe.

Pale ambapo hakuna mtu wa hivyo, anakuja wakala. Mnamjua: ofisi ya chumba kimoja, bendera za Kanada na Australia ukutani, na "lipa kwanza tuanze kushughulikia". Mnakumbuka mambo ya Uasin Gishu. Wazazi walilipa pesa kwa mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Finland na Kanada, wengine wakauza mashamba. Mwaka 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao, na kesi ikafika mahakamani. Huo ulikuwa mpango wenye jina la serikali ya kaunti. Je, huyu wa chumba kimoja?

Kwa hivyo shika hili. Ufadhili wa Türkiye Bursları unaombwa bure kwenye tovuti yao, kwa kawaida kuanzia Januari 10 hadi Februari 20. Unalipa karo, malazi, tiketi, posho ya kila mwezi na mwaka wa kujifunza Kituruki. Kwa shahada ya kwanza lazima uwe chini ya miaka 21, kwa hivyo usingoje. Marekani nayo ina EducationUSA pale Nairobi, washauri wa bure. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wa mzazi wako wakati wa kukuchagua, hata kama wewe ni mgeni, na ukichaguliwa vinafidia kile ambacho nyumbani hamwezi. Kuingia ni kugumu sana, sitawadanganya. Lakini aliyeomba na kukataliwa bado ana pesa zake mfukoni.

Gharama za kweli zipo. Viza ya mwanafunzi ya Marekani ina ada ya SEVIS ya dola 350, karibu shilingi 45,000. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini wanataka uonyeshe yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya. Mtu akikuambia "Ujerumani ni bure" bila kutaja akaunti hiyo, ondoka. Na akikuambia atakukopesha kwa riba ili uijaze, ondoka haraka zaidi.

Jambo lingine linatuhusu sana sisi: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, KCSE inasema Mohammed, kitambulisho kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa ofisa wa viza hao ni watu watatu. Kusahihisha kunachukua miezi, kwa hivyo anza ukiwa bado kidato cha tatu, kabla jina halijasajiliwa kwa mtihani.

Na ninyi mlio Kimathi na Karatina, msiseme hamkusoma ng'ambo. Kusoma insha ya mdogo wako na kumuuliza "hapa ulimaanisha nini?" hakuhitaji pasipoti. Ila usimwandikie. Insha ikisikika kama mtu wa miaka arobaini, wataijua. Mkumbushe tarehe, mfuatie mwalimu aliyeahidi barua ya mapendekezo, kaa naye siku jibu baya likija.

Tunaanza Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri, na kila mwanafunzi atapewa mtu wake mmoja. Njoo na cheti cha kuzaliwa, matokeo yako na kitambulisho kama unacho. Kama majina hayafanani, njoo hivyo hivyo, tutaanzia hapo. Mabinti, njooni na mama zenu. Nao wana maswali, na wana haki ya kujibiwa.