KHABARI ZA VITA NA AMANA YA MSHAHIDI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme machache juu ya vita vya nchi za Maziwa Makuu, na khasa juu ya wale wanaotuletea khabari zake. Pengine baadhi yenu mtauliza: vita vya bara vinatukhusu nini sisi watu wa kisiwani? Vinatukhusu, kwa sababu khabari zake hutufikia kila siku kwa lugha yetu hii ya Kiswahili, na kila mmoja wetu akishazisikia huzichukua akampelekea mwenziwe.

Wazee wetu wamesema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Barazani maneno hayo ni mzaha, katika vita ni msiba. Mwezi wa Julai 1993 ilianza kusema huko Rwanda redio iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines. Ilipiga nyimbo za kupendeza, ikachekesha watu, na papo hapo ikawaita Watutsi mende. Vita baina ya serikali na jeshi la RPF vilikuwapo kweli; lakini redio hiyo iliwaambia watu ya kuwa hata jirani yao, mkewe na mtoto wake, ni maadui. Jambo hilo halikuwapo. Yalipoanza mauwaji ya Aprili 1994, redio hiyo hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, nao wakafuatwa wakauliwa. Kwa muda wa siku mia hivi zilipotea roho laki nane au zaidi.

Lakini haki ilipata mashahidi. Mwanachuoni Alison Des Forges na wenziwe wa jamii ya Human Rights Watch walipekua makaratasi ya serikali za mitaa, wakawasikiliza walionusurika na hata waliouwa, na mwaka 1999 wakatoa kitabu kikubwa cha yote waliyoyathibitisha. Mwaka 2003 Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikikaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ile pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, ikawabakisha na vifungo vya miaka 30, 32 na 35.

Sasa tazameni upande wa pili wa chombo hicho hicho. Mwaka 2002, Kongo ikiwa imegawanyika baina ya serikali na majeshi ya waasi, Umoja wa Mataifa na jamii ya Fondation Hirondelle ya Uswisi walianzisha Radio Okapi, isemayo Kifaransa, Kilingala, Kikongo, Kiluba na Kiswahili. Mtu aliyekuwa upande mmoja wa vita akaweza kusikia hali ya nduguye aliye upande wa pili.

Kazi hiyo ina gharama yake. Serge Maheshe wa redio hiyo alipigwa risasi Bukavu mwezi wa Juni 2007. Mwenziwe, Didace Namujimbo, akauliwa katika mji huo huo mwezi wa Novemba 2008. Mahakama ya kijeshi ilikuwa imewahukumu kifo rafiki wawili wa Maheshe waliokuwa naye usiku ule. Waangalizi wa haki walipiga kelele kwamba kesi ile haina ushahidi, na katika rufani ya mwaka 2008 watu hao wakaachiliwa. Lau pasingekuwapo wa kuangalia, nani angelijua?

Na hofu ya shahidi haina upande. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Kongo iliwanyima ruhusa ya kazi waandishi wa Al Jazeera baada ya kumhoji kiongozi wa waasi wa M23. Mwezi huo huo waasi hao wakauteka mji wa Goma, na kila upande ukawa na lake la kutangaza.

Basi sisi wasikilizaji tufanyeje? Tuipokee khabari ya vita kama kadhi anavyompokea shahidi. Kwanza tuulize: nani aliyeona kwa macho yake? Pili: wapi, na siku gani? Tatu: yupo mwengine asiyekuwa wa upande huo anayesema vivyo hivyo? Khabari isiyojibu hata moja katika hayo, tusiifikishe kwa jirani, ijapokuwa inatupendeza. Na ikitupendeza mno, ndipo tuichunguze zaidi.

Ndugu zangu, waliouliwa Rwanda hawakuuliwa na mtangazaji peke yake. Waliuliwa na wale waliomsikia wakamsadiki bila ya kuuliza. Ulimi wa redio uko mbali nasi. Masikio ni yetu wenyewe.