Birika la Udhu na Hesabu ya Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahim.



Amma baad. Nimetakiwa kusema machache juu ya malezi ya mtoto kabla hajaingia shule. Wazazi wengi hufurahi wamsikiapo mtoto akitaja moja hata kumi pasi na kukwama. Lakini mwambieni alete vikombe vinne. Huenda akaleta vitatu, au sita. Huyo amehifadhi majina ya hesabu, hesabu yenyewe hajaijua. Akienda darasani na hali hiyo ataingiwa na hofu, na hofu ya hesabu ni ngumu kuing'oa.

Dawa yake i karibu nasi, nayo ni birika la udhu. Uso huoshwa mara tatu. Mkono wa kuume mara tatu, kisha wa kushoto mara tatu. Mtoto na aoshe, ndipo atamke "moja". Kila tamko na tendo lake. Hapo atafahamu kwamba tamko la mwisho ndilo jumla. Mikono ikiisha, mwulizeni: tatu na tatu ni ngapi? Na miguu ikiisha, sita na sita zimekuwa kumi na mbili.

Je, akishuku kama ameosha mara mbili au tatu? Mafakihi wetu wa Kishafii wamefundisha kwamba ashike iliyo chache, kwani hiyo ndiyo ya yakini. Hilo nalo ni somo: mwenye kuhesabu hajipi asichokuwa na hakika nacho.

Kisha vipimo. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba cha maji, na akioga kwa pishi, hata vibaba vitano. Pishi ni vibaba vinne. Basi mpeni mtoto kopo, ajaze ndoo huku akihesabu. Atajua kipimo, na atajua israfu ya bomba lililoachwa wazi.

Atokapo chooni, na kabla ya kula, asugue mikono kwa sabuni akihesabu polepole hata 20. Hesabu hiyo humkinga na maradhi ya kuhara.

Mabibi na mabwana, haya hayataki fedha wala kitabu. Yataka mzazi asimame kando ya mtoto wake, asiharakishe.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum.